Katiba ikiandika ndoa ni nini, hazina ya Leta (serikali) inapata au inapoteza?

kijana_katuba (Lubumbashi)

Jambo kwenu wote. Sisi vijana wa hapa Katuba tuna kikundi kinachokaa Jumapili baada ya misa kuzungumza habari za katiba. Tulianza baada ya Rais kutangaza kule Kisangani, Oktoba 2024, kwamba anataka Kongo ipate katiba mpya. Juma lililopita tulifika kifungu cha 40 cha katiba ya sasa, kile kinachompa kila mtu haki ya kufunga ndoa na mtu aliyemchagua, wa jinsia tofauti na yake, na kujenga jamaa (familia). Ubishi ukawaka: Biblia, mila, ya wazungu, ya kwetu. Halafu dada mmoja anayesoma uchumi akauliza, "Na pesa je? Haya maneno yanaigharimu Leta kiasi gani?" Ukumbi ukawa kimya.

Nimekwenda kutafuta. Nimekuta kwamba jimbo la California huko Marekani, likipeleka pendekezo kwa wapiga kura, linaliandikia makadirio ya faida na hasara kwa hazina, na anayeyaandika ni mchambuzi wa bajeti wa bunge, si vyama. Mwaka 2008 mahakama kuu ya jimbo iliruhusu ndoa za watu wa jinsia moja mwezi Mei, watu wakaanza kuoana Juni. Novemba hiyohiyo Pendekezo la 8 likaandika kwenye katiba ya jimbo kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke peke yao. Makadirio yalisema kwamba kwa miaka michache jimbo na miji yake huenda wakapoteza makumi ya mamilioni ya dola, hasa kodi ya mauzo, na kwamba baada ya hapo athari itakuwa ndogo. Mwaka 2024 wakarudi kupiga kura, Pendekezo la 3, kuyafuta maneno yaleyale. Makadirio ya safari hii: hakuna badiliko la mapato wala la matumizi.

Hapo ndipo nimekwama. Kuandika kunapoteza mamilioni, kufuta hakurudishi hata franga moja? Na sisi, kifungu cha 40 kimeiingizia Kinshasa kitu au kimeitoa kitu? Tafadhali sana, habari ya nani aoane na nani tumekwisha kubishana mpaka padri akaja kuzima taa. Mimi nataka hesabu.

fundi_belair

Hesabu ya hazina ipi, mdogo wangu? Ile inayotengeneza barabara yetu ya Bel-Air, au kuna nyingine? Haya, nimevuta kiti. Mwiteni yule mama wa mishahara, yeye ndiye anajua mambo ya kukatwa.

mama_fishi (Lubumbashi, Kampemba)

Nimeitwa, nimekuja. Nimetengeneza fishi za mishahara miaka mingi, kwanza kwenye duka la vifaa vya magari, sasa kwenye kampuni ndogo inayofanya kazi chini ya wachimba madini, kwa hiyo nitaongea kutoka hapo.

California kwanza, maana huko swali lako ni jepesi. Makadirio ya namna ile hupima tofauti kati ya hali iliyopo siku ya kura na hali itakayofuata. Siku ya kura ya 2008 watu walikuwa wanaoana tayari, wengine wakitoka majimbo ambako walikataliwa. Mtu anayesafiri kwenda kufunga ndoa analala hoteli, anakodi ukumbi, anaandaa chakula, ananunua nguo na maua. Kwenye vitu vingi kati ya hivyo kuna kodi ya mauzo. Ukifunga mlango, ile kodi inakatika. Na hasara ni ya miaka michache kwa sababu waliokuwa wakingoja kwa miaka wangekwisha oana, halafu harusi zingerudi kuwa za kawaida. Kufika 2024, hizo ndoa zilikuwa zimerudi California tangu 2013, na 2015 Mahakama Kuu ya Marekani ilizifungua nchi nzima katika kesi ya Obergefell. Maneno ya 2008 yalikuwa bado yamelala kwenye katiba, lakini hakuna karani aliyeyafuata. Kuyafuta hakukuongeza harusi wala kupunguza. Sifuri.

Sasa leta kipimo hicho kwetu. Katiba ya 18 Februari 2006 ilikuta nini? Ilikuta Sheria ya Jamaa ya 1 Agosti 1987, ambayo kifungu chake cha 330 kilishasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Kabla ya 2006 hakuna watu wawili wa jinsia moja walioandikwa komini (ofisi ya mtaa), hakuna waliopunguziwa kodi, hakuna harusi yao iliyokuwa inalipiwa ukumbi ikaja kuzuiwa. Kwa upande huo kifungu cha 40 hakikuipa Leta kitu wala hakikuichukulia kitu. Unaweza kuandika sifuri na kwenda kunywa bia yako ya Simba.

Lakini pesa ya ndoa ipo, tena mingi, na iko kwenye karatasi ya komini.

Nimekufanyia hesabu. Chukua mfanyakazi ambaye mshahara wake wa kutozwa kodi, baada ya kutoa mchango wa CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii), ni franga 962,000 kwa mwezi. Kwa ngazi za IPR (kodi ya mishahara) nilizozizoea kazini, franga 162,000 za kwanza zinakatwa 3%, ndiyo 4,860. Zile 800,000 zinazobaki zinakatwa 15%, ndiyo 120,000. Jumla 124,860. Halafu sheria inampunguzia 2% ya kodi hiyo kwa kila mtu anayemlisha, mwisho watu 9. Mke peke yake: franga 2,497. Soma tena. Karibu dola moja kwa mwezi ndiyo bei ya mke mbele ya kodi ya mishahara ya Kongo. Mke na watoto wanne ni 10%, franga 12,486. Kuna bwana mmoja nilimwonyesha hesabu yake akacheka mpaka akashika dirisha, akaniomba bibi yake asije akajua.

Kwa hiyo Lubumbashi nzima ikiandikisha ndoa zake kesho asubuhi, kodi ya mishahara haitatikisika.

Penye uzito ni hospitali. Sheria ya kazi ya Oktoba 2002 inamlazimisha mwajiri kumtibu mfanyakazi pamoja na jamaa yake. Jamaa ni nani? Hapo meza yangu inajaa. Alikuja dereva mmoja na bahasha nene: cheti cha ndoa ya kanisa chenye ukingo wa dhahabu na mhuri wa mchungaji, karatasi ya doti (mahari) yenye saini za wajomba wa pande zote mbili, na picha, mpaka mbuzi wa doti yumo anatazama kamera. Mke alikuwa karibu kujifungua na kliniki ilitaka jina lake kwenye orodha ya kampuni. Patro akaniambia, "Akti ya ndoa ya komini, bila hiyo usimwandike." Yule dereva alikuwa amekitimiza kifungu cha 40 chote. Alichagua mwenyewe, alichagua mwanamke, wamejenga jamaa. Uzazi ulilipwa na pesa ya likelemba (mchango wa kupokezana) la madereva, na wenzake wawili wakasogezwa zamu yao ya kupokea.

Mtasema hiyo ni pesa ya kampuni, Leta inaingiaje? Ngojeni. Kampuni ikilipa kliniki inaandika gharama kwenye vitabu, faida inashuka, na kodi ya faida ni 30%. Kwa kila dola 100 za kliniki, kampuni yenye faida inailipa Leta dola 30 pungufu. Mke asiyeandikwa anaiachia Leta dola zake 30, dereva anatoa 100 mfukoni, na kampuni inabaki na 70. Sisemi kuna mtu Kinshasa aliyekaa akapanga hivyo. Nasema hesabu ndivyo inavyokaa.

Na CNSS ni hivyohivyo. Mchango wote ni 18% ya mshahara: mfanyakazi anatoa 5%, mwajiri 13%. Ndani ya hiyo 13 kuna 6.5% ya tawi la jamaa, yaani posho za familia. Mwajiri analipa 6.5% kwa ajili ya kila mfanyakazi, awe na akti ya ndoa au awe analala peke yake. Mchango unaingia kwa kila kichwa, lakini mjane akienda kudai pensheni ya mume, kitu cha kwanza anachoulizwa ni akti. Doti haiulizwi.

kijana_katuba

Mama, Mungu akulinde. Hiyo dola moja nitaipeleka Jumapili kama ilivyo. Lakini mahali fulani nimesoma kwamba serikali kuu ya Marekani ilihesabiwa kwamba ingepata pesa kama ndoa hizo zingeruhusiwa kote. Itapataje, wakati kila mwenye ndoa anadai haki zake?

metre_wa_golf

Niruhusu, Mama, nijibu hilo. Ni hesabu ya ofisi ya bajeti ya Congress, Juni 2004. Walisema kama majimbo yote 50 na serikali kuu wangezitambua ndoa hizo, bajeti ya serikali kuu ingenufaika kwa chini ya dola bilioni moja kila mwaka kwa miaka kumi. Kwa bajeti yao hiyo ni makombo. Sababu ni kwamba kule mume na mke hujaza kodi pamoja, na wote wawili wakiwa na mishahara mizuri, kuunganisha kunaweza kuwapandisha kodi. Tena anayeomba msaada wa serikali kwa ajili ya matibabu, mapato ya mwenzake yanahesabiwa, na anaweza kukosa. Upande mwingine kuna pensheni za wenzi na bima za watumishi wa Leta, hizo zinatoa pesa. Ukijumlisha, kinabaki kidogo upande wa hazina. Kwetu hakuna mchezo huo, kwa sababu IPR inakatwa kwa kila mfanyakazi peke yake.

Lakini ukiacha jumla na kumtazama mtu mmoja, kiasi ni kingine kabisa. Edith Windsor wa New York alifiwa na mwenzi wake Thea Spyer mwaka 2009. Walikuwa wamefunga ndoa Toronto mwaka 2007, na New York iliitambua, ila sheria ya serikali kuu ya 1996 haikuitambua. Alitozwa kodi ya urithi dola 363,053, ambayo mjane wa mwanamume asingelipa hata senti moja. Alishinda Mahakama Kuu 26 Juni 2013. Na jimbo la Michigan waliandika maana ya ndoa kwenye katiba yao mwaka 2004. Mwaka 2008 mahakama kuu ya jimbo ikasema kwa maneno hayo vyuo na ofisi za umma haziwezi kuwalipia bima ya afya wenzi wa jinsia moja wa wafanyakazi wao. Hapo Mama utaona ni dereva wako yuleyule, orodha yako ileile ya kliniki, isipokuwa huko aliyefuta jina ni katiba.

Ndiyo maana sikubaliani nawe kwamba kifungu cha 40 ni sifuri. Mnasoma mstari wa kwanza mnaacha mingine. Kifungu hichohicho kinasema jamaa iko chini ya ulinzi wa mamlaka ya umma. Hayo ndiyo maneno ya gharama. Mjane aliyefukuzwa nyumbani na shemeji zake anaweza kusimama mahakamani na kuuliza ulinzi wake uko wapi.

fundi_belair

Metre, atasimama. Atauliza. Halafu?

papa_wa_cite (Lubumbashi, komini ya Kenya)

Watoto wangu, miye nilizaliwa kambini, wakati wa Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji. Hiyo hesabu ya mke mnayoitafuta ilikuwa inafanywa pale kila juma mbele ya mlango wa ghala la posho.

Zamani sana, kabla ya baba yangu, kampuni ilikuwa inachukua vijana bila wake, wanafanya miezi, wanarudi vijijini au wanakufa. Kufika mwisho wa miaka ya 1920 wakaona ni hasara, kutafuta watu wapya kila mara kunakula pesa. Ndipo wakabadilisha: mikataba ya miaka mitatu, mwanamume aje na mke wake, wajengewe nyumba, hospitali ya uzazi, shule. Mke akawa na posho yake, unga na maharage na samaki, na mtoto na yake. Ila mke mmoja tu ndiye aliyeandikwa. Jirani yetu alikuwa na mwingine kule upande wa Kasenga, huyo hakupata hata kikombe cha unga wa kampuni, na kila mtu kambini alijua jina lake.

Nasema hivi ili mjue kwamba kampuni ilikuwa na maana yake ya ndoa, na maana hiyo ilipimwa kwa kilo. Gécamines, kampuni ya madini ya Leta iliyofuata, ikarithi mambo mengi ya hayo. Mwaka 2003, Benki ya Dunia ilipotoa pesa ya ile kuacha kazi kwa hiari, zaidi ya watu 10,000 tuliondoka na malipo ya mwisho. Aliyesaini ni mfanyakazi. Wake zetu waliokuwa na haki ya hospitali jana yake, siku ile hawakuitwa hata kuonyeshwa karatasi. Kuna wanaume waliopotea na ile bahasha mpaka leo. Akti ya ndoa ilikuwepo, imetundikwa ukutani.

Kwa hiyo, Mama, na hiyo karatasi yako usiisifu sana.

mwalimu_ibanda (Bukavu)

Salamu kutoka Bukavu. Nafundisha historia na nashangaa hakuna aliyetaja wakati ambapo ndoa ilikuwa kodi yenyewe, waziwazi.

Katika Kongo ya Mbelgiji mwanamume alilipa kodi ya kichwa, na mwenye wake zaidi ya mmoja aliongezewa kodi kwa kila mke wa ziada. Leta ilikuwa inalaani mitala na huku inapokea pesa yake. Kisha likaja agizo la 4 Aprili 1950, likafuta ndoa mpya za mitala mbele ya Leta. Fikirieni sasa karani wa kodi. Mke wa pili aliyeolewa baada ya hapo si mke mbele ya Leta. Ni nani? Mijini walikuwa na jibu tayari: kulikuwa na kodi ya wanawake wanaoishi peke yao, na kwenye vitabu vya Wabelgiji waliitwa wanawake wanaoishi peke yao "kinadharia". Hilo neno kinadharia linanichekesha kila mwaka mbele ya wanafunzi. Karani alijua kabisa kuna mwanamume anayeingia jioni, lakini kwa kodi yeye alikuwa peke yake.

Kodi hiyo haikumchagua mke wa pili tu. Iliwapata wajane, walioachwa, wauza maandazi. Huko Usumbura (Bujumbura ya leo), ng'ambo ya bonde la Ruzizi, wanawake Waislamu wa Buyenzi waliikataa katika miaka ya 1950, maana ilikuwa inawaandika wote kama malaya. Kwa hiyo kijana, ukiulizwa kama kuandika maana ya ndoa kuliwahi kuingizia Leta pesa hapa kwetu, jibu ni ndiyo. Ulimkatalia mtu ndoa kwa kalamu, ukamhamishia kwenye daftari lingine, ukamtoza huko.

kijana_katuba

Nimeishiwa maneno. Jumapili nina dakika ishirini tu. Nichukue lipi?

mama_fishi

Kabla ya hilo, Papa, sikuisifu karatasi. Nimesema ndiyo inayosogeza pesa. Kama mwenye nayo anaweza kukimbia na bahasha, hilo ni kosa la aliyepanga malipo bila kumwita mke, na miye ningekuwa kwenye meza ile ya 2003 ningegombana. Sheria ya Jamaa, tena imerekebishwa Julai 2016, inawapa wanandoa wachague jinsi ya kushika mali, na wasipochagua wanahesabiwa kuwa na ushirika wa vile walivyochuma pamoja. Malipo ya mwisho ya miaka thelathini ya mgodi kama hayakuchumwa pamoja, sijui kilichochumwa pamoja ni nini.

Metre, ule mstari wa ulinzi ni mzuri, lakini nionyeshe umewekwa kwenye bajeti ya mwaka gani. Mstari usio na fungu la pesa mimi nauandika sifuri, ndiyo kazi niliyofundishwa. Siku watakapoweka fungu nitabadilisha.

Kijana, kwa dakika ishirini acha California, watakula muda wote kubishana mambo ya padri. Anza na mwalimu wa Bukavu, maana hapo watu wote wataamka, kila mmoja ana bibi aliyepita kwenye daftari hilo. Kisha ile 2,497, iandike kubwa ubaoni. Halafu waulize waliomo ukumbini ni wangapi wana doti na kanisa bila komini. Wasinyanyue mikono, wape vikaratasi, maana wake zao watakuwa wamekaa pembeni. Na yule dada wa uchumi mpe kazi: ile 6.5% inayolipwa kwa ajili ya wafanyakazi wasio na akti inakwenda wapi, na nani anaihesabu. Mimi nimeiuliza ofisi moja kwa barua mara mbili na nimepewa mhuri wa kupokelewa tu.

Ndoa ya doti inapaswa kuandikishwa komini ndani ya mwezi mmoja, sheria inasema hivyo. Sasa kama maseneta wanataka kugusa kifungu cha 40, waongezewe swali langu: kwa nini mwajiri analazimishwa kulipa kwa ajili ya kila kichwa, lakini hakuna anayelazimishwa kumpeleka karani wa komini kwenye kata siku ya doti, akiwa na daftari lake, wakati wajomba wote wako pale na wamekwisha saini?

fundi_belair

Huyo karani atataka na yeye sehemu ya mbuzi.

mama_fishi

Apewe. Kichwa na miguu. Bado ni rahisi kuliko kliniki.